Mererid Howells na Geti la Blaen-nant

Wasikilizaji wapendwa, mwenye birika jikoni alitoe motoni kwanza, na mwenye kuendesha gari aende pole. Leo sianzi na hali ya hewa. Mvua mnaiona wenyewe.

Leo namzungumzia Mererid Howells. Daktari wetu wa meno, na mwanzilishi wa msafara wa baiskeli wa Oktoba. Mererid ametutoka Alhamisi iliyopita, nyumbani kwake hapa Aberceiro, binti yake Nesta akiwa amemshika mkono.

Nusu yenu mmekaa kwenye kile kiti chake, macho yamewatoka mkiangalia dari. Nusu nyingine mmekula tope la gurudumu lake. Wapo waliopata vyote viwili, na mimi nimo.

Mererid alizaliwa shambani, kwa baba mfugaji. Baiskeli ya milimani alianza ukubwani, baada ya ndoa kuvunjika. "Watu walisema mama amechanganyikiwa," ananiambia Nesta. "Akawajibu, basi niacheni nichanganyikiwe nikiwa na helmeti."

Msafara wenyewe mnaujua. Kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba tunaanzia nje ya kanisa. Tunapita vijia vya mashamba, matunda ya porini yamekwisha kuoza kwenye ua wa miti, kangaga zimegeuka rangi ya kutu. Tunapanda malisho ya Blaen-nant, shamba la Tegwyn Bebb, hadi geti la juu kabisa. Na ukishapita geti hilo, unaanza mteremko wa msitu wa Coed Ddu.

Ah, mteremko ule! Mialoni inapukutisha majani mbele yako, ardhi inanukia uyoga, baiskeli inakimbia yenyewe. Hakuna mtu aliyeupenda mteremko ule kama Mererid. Msafara wote aliuanzisha kwa sababu yake.

Kabla ya kuondoka alikuwa anatupanga kama watoto wa chekechea. "Majani yaliyolowa hayana adabu," anasema. "Usishike breki juu ya mzizi. Mimi kazi yangu kutengeneza meno, sikuja hapa kuyaokota!" Halafu anamalizia na sheria ya geti. Geti liache ulivyolikuta. Ukilikuta wazi, liache wazi. Ukilikuta limefungwa, lifunge.

Sasa sikilizeni. Miaka kumi na saba iliyopita, mtu mmoja katika msafara ule alifunga geti la Blaen-nant. Alilikuta wazi, akalifunga.

Tegwyn alikuwa ameliacha wazi makusudi. Dhoruba ilikuwa inakuja, na kondoo wake wanajua kushuka wenyewe kujikinga msituni, wakilikuta geti wazi. Walilikuta limefungwa. Wakatafuta njia nyingine, wakapitia kijito, na kijito kilikuwa kimefurika. Asubuhi Tegwyn alikuta kondoo sita wamekufa maji.

Akaweka mnyororo. Hakuna baiskeli kupita tena. Ni haki yake, malisho ni yake na sisi tulikuwa tunapita kwa hisani tu. Bila malisho yale hakuna msafara, maana njia nyingine ni barabara kuu, ugombanie nafasi na malori ya magogo.

Mji mzima ukasema, ni wale wageni kutoka Birmingham. Sisi hatukosi mgeni wa kumtupia lawama. Mererid angeweza kunyamaza, na hadi leo tungekuwa tunawasema vibaya watu wa Birmingham. Hakunyamaza. Alivaa gambuti zake akapanda Blaen-nant.

Jana nilikuwa jikoni kwa Tegwyn. Ana miaka zaidi ya themanini sasa. Akanisimulia.

"Nikamwambia, Daktari, umekuja kuwatetea wahuni wako? Akasema, mhuni mwenyewe ni mimi. Geti nililifunga mimi. Nikamwambia, wewe? Binti wa Ifan Howells? Akasema, mkono ulifunga wenyewe, Bwana Bebb. Kichwa kilikuwa kimeshatangulia msituni."

Na ukitafakari, ni yeye tu angeweza kukosea vile. Mtu wa mjini angepita na kwenda zake. Lakini mtoto wa mfugaji hufundishwa kufunga geti kabla hajajua kufunga viatu.

Tegwyn hakutaka fidia. Alisema hivi: "Wenzako watapita. Wewe hupiti. Siku ya msafara utasimama getini mpaka wa mwisho ashuke, halafu utarudi kwa njia ya trekta. Msituni usiingie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakaposema."

Alijua panapouma. Na Mererid akakubali, ili sisi wengine tupite.

Basi kila Oktoba alipanda na sisi, akasimama getini na koti lake la njano, akatusindikiza kwa matusi ya mapenzi, kila mtu kwa jina lake. "Hefin! Unaendesha au unabebwa? Shuka, shuka, bibi yangu angeshafika!" Tulishuka tukipiga kelele za furaha. Tukafika chini, tope hadi kwenye nyusi, tukakaa kunywa supu ya kondoo na vitunguu. Na yeye anakuja baadaye sana kwa njia ya trekta, msafi, hana hata jani moja mgongoni. Iliniuma kumwona vile. Sikuwahi kumsikia akilalamika.

Mwaka wa kwanza Tegwyn alikuja getini kumlinda asije akashuka. Baadaye akaanza kuja na chai kwenye themosi. Baadaye tena akaleta viti viwili na mkate wa zabibu.

Oktoba iliyopita Mererid alikuwa mgonjwa tayari. Wote tulijua. Alikuja na baiskeli ya betri, ile aliyoitukana miaka yote, na ole wake aliyecheka. Mimi nilikuwa wa mwisho kufika getini, kama kawaida yangu. Tegwyn alikuwa ameshika geti kwa mikono miwili.

"Shuka," akamwambia.

"Adhabu imeisha?"

"Shuka, Mererid, kabla sijabadili nia."

"Na geti atashika nani?"

"Geti ni langu! Nimelishika kabla hujazaliwa."

Akashuka. Nilimfuata nyuma, na wallahi sikumweza. Mgonjwa yule! Alipita juu ya mizizi kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake, majani yanaruka kulia na kushoto. Kule chini akanigeukia, ana tope hadi kwenye meno, anacheka na kulia kwa pamoja.

Jana nikamuuliza Tegwyn, mbona ulimwacha akasimama miaka yote ile? Akaangalia dirishani.

"Hasira iliisha mapema," akasema. "Lakini kipupwe kile mke wangu alifariki. Watu wanakuja hapa kwa ajili ya kondoo, wananunua, wanaondoka. Mererid alikuwa anakaa. Nilijua nikimwachilia atashuka na ninyi, na mimi nitabaki na geti langu. Nilimnyima msitu wake ili nipate mtu wa kunywa naye chai. Nimemwibia, na sasa siwezi kumrudishia."

Mzee akalia.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Nesta, tunawapa pole wajukuu, na wote waliowahi kutibiwa au kutukanwa na Mererid Howells. Mazishi ni kesho kutwa, saa nane mchana. Msafara wa mwaka huu upo. Na niwaombe kitu kimoja. Katika njia yenu ya kila siku kuna mtu mnampungia mkono na kupita. Safari hii simameni.

Mzee Bebb, najua unasikiliza, umeniambia hii redio huizimi. Maneno yako niliyapeleka kwa Nesta jana hiyohiyo. Ameniomba nikujibu hapa hapa, watu wote wasikie. Anasema mwaka wa tatu alimwambia mama yake, "Mama, inatosha. Mwombe yule mzee akuachilie."

Mererid akamjibu, "Nikimwomba, ataniachilia. Na chai atakunywa na nani?"