Mbuyi Kalala Osée, Fundi Cherehani Aliyewapimia Watoto Bunduki
(1958–2025)

Wapendwa mliokuja kutusindikiza, maneno haya yameandikwa na Kabanga Ruben, pacha wa marehemu, na ndiye anayeyasoma mbele yenu. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mitano, kwa hiyo tarehe mtakazosikia ni za kweli. Akikwama katikati, mumvumilie kidogo, ataendelea.

Mbuyi Kalala Osée alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, hapa mtaani kwetu Kamalondo, kwa wazazi waliotoka Kasai, baba akiwa mfanyakazi wa reli. Alitangulia kutoka, na Kabanga akamfuata baada ya dakika ishirini. Tangu siku hiyo baba yao akaitwa Shambuyi na mama yao Mwambuyi, kama wanavyoitwa wazazi wa mapacha kwetu. Mbuyi alizitumia dakika zake ishirini vizuri sana. Kipande kikubwa cha samaki kilikuwa chake, kitanda cha karibu na dirisha chake, na mtu akiuliza sababu, jibu lilikuwa moja tu: "Miye njo mukubwa."

Shule ya msingi aliisoma kwenye parokia, akamaliza mwaka 1971. Sekondari ilimshinda, na tuseme ukweli hata kama amelala mbele yetu: hesabu hakuzipenda hata chembe. Mwaka 1974 aliomba kusoma ukataji na ushonaji, darasa lenye wasichana ishirini na sita na yeye peke yake mvulana. Shambuyi alikasirika wiki nzima. Mbuyi alirudi na suruali aliyomshonea baba yake, ikamkaa barabara, na hasira ikaishia hapo. Cheti chake alikipata Julai 1977, akiwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Mujinga, msichana wa benchi la mbele, naye tutamfikia.

Mwaka 1978 aliingia kazini kwa fundi Sumaili, mzee wa asili ya Maniema aliyekuwa na cherehani tatu kwenye baraza lake. Sumaili alimfundisha jambo moja ambalo Mbuyi alilishika kama amri: nguo ya mtoto haikatwi sawasawa na mwili. Unaacha pindo la vidole vinne, unaacha nafasi mabegani, maana mtoto anakua na mzazi hana nguo nyingine ya kununua mwaka ujao. Mwaka 1983 alifungua duka lake mwenyewe, hatua mia mbili kutoka hapo, na kwa miaka arobaini nusu ya watoto wa Kamalondo walikwenda masomoni wakiwa wamevaa mapindo yake. Wengine mko hapa. Jiangalieni, mmekua.

Tarehe 10 Agosti 1985 alifunga ndoa na Mujinga. Gauni la arusi alilishona bibi arusi mwenyewe, kwa sababu, alisema, hakutaka kuvalishwa na mtu wa pili darasani. Mungu aliwapa watoto wawili: Djo mwaka 1987, na Benita tarehe 3 Februari 1994. Djo aliogopa hata mlio wa kizibo cha chupa. Benita alikuwa wa baba yake tangu alipoanza kutambaa. Alilala chini ya meza ya kukatia, akacheza na vifungo, na baba akitoka na yeye anatoka.

Sasa tufike kwenye kuwinda. Shambuyi aliwafundisha wanawe wote wawili kuwinda kanga upande wa njia ya Kipushi, msimu wa kiangazi, na bunduki yake ilikuwa na karatasi zake zote. Kabanga alikuwa anapiga miti. Mbuyi alikuwa na jicho na, zaidi ya jicho, uvumilivu: alikaa nyuma ya kichuguu saa mbili bila kukohoa, mpaka kanga wanakuja wenyewe wakichakura. Benita alipofika miaka kumi aliomba kwenda naye, akaomba mwaka mzima, na baba akakubali kwa furaha ambayo hakuificha. Alimtafutia bunduki yake mwenyewe, kaliba kumi na mbili, mtutu mmoja. Ilikuwa bunduki ya mtu mzima. Pacha wake, aliyemwita Yaya, yaani kaka mkubwa, alimwambia, "Yaya, ile kitako iko murefu, mutoto hafiki." Mbuyi alicheka. "Haina neno. Ataikulia."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake, na ni kosa ambalo fundi cherehani pekee angeweza kulifanya. Aliichagua bunduki kama anavyokata sare ya shule: aliacha nafasi.

Jumamosi tarehe 16 Julai 2005, asubuhi, Benita alimlenga kanga wake wa kwanza. Kitako, ile mbao ya nyuma inayoegemezwa begani, kilikuwa kirefu mno, mkono haukufika vizuri kwenye kifyatulio, kwa hiyo aliuvuta mwili nyuma na kitako kikapanda juu ya bega. Alipofyatua, kilimvunja mfupa wa mtulinga. Baba yake alimbeba mgongoni kilomita nne mpaka barabarani. Njiani mtoto hakulia. Alisema sentensi moja tu, nayo Mbuyi aliibeba miaka ishirini: "Papa, ulinipima mubaya."

Nyumbani Mujinga alisimama mlangoni. "Papa Djo, kuanza leo, ile bunduki haiingie tena mu nyumba yangu." Haikuingia. Mbuyi aliirudisha kwa aliyemuuzia kwa bei ya hasara. Mfupa uliunga, ila uliacha kifundo kidogo upande wa kulia, na Benita akamfungia baba yake mlango wa moyo. Salamu alitoa, chakula alimpelekea, adabu haikupungua. Lakini hakukubali tena baba yake amzungushie utepe. Akihitaji nguo aliweka gauni kuukuu juu ya meza na kusema, "Pima ku hii," kisha anatoka. Mbuyi alikuwa akiligeuza lile gauni, analitazama, analikunja. Mtu anaweza kuzira mkate kwa mwokaji, lakini mtoto wa fundi kukataa kupimwa, jamani, ni kitu kingine. Aliumia, wala hakusema kwa mtu ila pacha wake.

Tarehe 9 Agosti 2014 Benita aliolewa na David, kijana mzuri ambaye hatuna la kumlaumu. Gauni lake lilinunuliwa Ndola, ng'ambo ya mpaka, limeshonwa tayari, na lilimbana kwapani. Mbuyi aliliona tangu mlango wa kanisa. Alimshika mwanawe mkono, akamtembeza mpaka mbele, akatabasamu kwa picha zote. Jioni alikwenda dukani kwake peke yake, akakaa kwenye cherehani bila kushona kitu.

Hakuacha kuwinda, na hapa ndipo wengi walipomfahamu. Baada ya yale ya mwaka 2005 alianza kujifunza upya, kama mwanafunzi. Aligundua kwamba mtoto ukimkunjia kiwiko na kuweka kitako kwenye kile kikunjo, ncha ya kidole chake inapaswa kufikia kifyatulio bila kujinyoosha. Isipofikia, bunduki si yake. Aliacha kaliba kumi na mbili, akachukua ishirini, ambayo ni ndogo zaidi ingawa namba ni kubwa, na risasi zenye baruti kidogo. Alijua pia kwamba bunduki nyepesi mno inapiga teke kuliko nzito, kwa hiyo aliipeleka kwenye mizani ya muuza nyama soko la Njanja, na yule bwana akawa anamuuliza, "Fundi, hii nyama ya mufupa mutupu unauza bei gani?" Alichonga kitako kifupi cha mbao ya mulombwa, akakivalisha mpira nyuma, na akatengeneza vipande vyembamba vya kuongeza, kimoja kimoja, mtoto anavyokua. Mtoto hapewi urefu wa mwaka ujao. Anapewa wa leo.

Wazazi walimletea watoto kutoka Kipushi, hata kutoka mjini kwenye maofisi. Msimu wa kwanza mtoto alibeba bunduki tupu. Msimu wa pili alipewa risasi moja, akiwa na vizibo masikioni na miwani machoni, na Mbuyi amepiga goti nyuma yake, kiganja kwenye mgongo wake. Kabla ya kufyatua alimuuliza, "Nyuma ya kanga kuko nini?" Asiyejua kujibu alirudi na risasi yake mfukoni. Mwaka 2016 bwana mmoja mwenye gari kubwa alimleta mtoto wa miaka saba na bunduki mpya inayong'aa. Mbuyi alimpima mtoto, akampa pipi, akamwambia baba: "Huyu angali mudogo. Mumulishe bukari kwanza miaka tatu. Na weye, mukubwa, ile bunduki uifiche fasi hataiona." Yule bwana aliondoka amenuna. Miaka mitatu baadaye alirudi.

Ugonjwa wa sukari aliishi nao tangu 2012. Februari 2025 madaktari walisema figo zimechoka. Miguu ilivimba, akaanza kutembea na kigoda chake cha dukani ili akae kila baada ya hatua hamsini. Na ni mwaka huo huo, mwishoni mwa Mei, Benita aliingia dukani akimshika mkono binti yake Bijou, aliyetimiza miaka kumi wiki hiyo. Pacha alikuwepo, akinywa chai. Benita alibaki karibu na mlango.

"Papa, huyu njo anataka kuwinda. Anatuchokesha kila siku. Miye sitaki," alisema. "Lakini kama ataenda, aende na weye."

Mbuyi alimpima Bijou mara tatu. Alitoa vipande vyote vya kitako, bado kikawa kirefu kwa unene wa kidole, akakaa siku mbili anakikwangua kwa msasa. Tarehe 14 Juni walikwenda na bunduki tupu. Kwa sababu ya hali yake aliivunja kanuni yake ya misimu miwili kwa mara ya kwanza, na hakumwambia mtu kwa nini hangengoja msimu ujao; sote tulijua. Jumamosi tarehe 5 Julai alimpa Bijou risasi moja.

Benita alikuja pia, amesimama nyuma yao amejishika bega. Kanga saba walitoka kwenye majani. "Nyuma yake kuko nini?" Mbuyi alinong'ona. "Kichuguu, Nkambo," Bijou akamjibu babu yake. Alifyatua. Kanga mmoja alianguka, na mtoto alibaki wima, akageuka anacheka. Benita alimkimbilia, akafungua kola yake, akapapasa mtulinga huku na huku. Ngozi haikuwa hata nyekundu. Alipapasa tena. Kisha alikaa chini kwenye majani akalia kwa sauti, na baba yake kwenye kigoda chake akalia pia, na Kabanga, aliyekuja kubeba maji tu, akajifanya anamtafuta kanga.

Kuanzia Agosti Mbuyi alikuwa hospitalini. Jumanne tarehe 9 Septemba Benita alifika na kitenge cha bluu cha yadi sita, akakiweka kitandani. Hakuleta gauni kuukuu. Alisimama mbele ya baba yake, akanyoosha mikono.

"Papa, nipime."

Mujinga alimwinua mumewe akae. Kabanga aliandika namba. Mbuyi alipima kiuno, kifua, mkono, akipumzika kati ya kipimo na kipimo. Alipofika begani kidole chake kilisimama juu ya kile kifundo cha mfupa.

"Hapa nilikosa, mama," alisema. "Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ya Bijou, Papa. Nilikosa tu namna ya kukuambia." Benita alijipangusa uso kwa kiganja. "Utaacha nafasi?"

"Hapana. Kama vile uko."

Alhamisi tarehe 18 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, alifariki, Mujinga akimshika mkono. Kitenge kilikuwa bado hakijakatwa.

Ameacha mjane, Mujinga, aliyekuwa wa kwanza darasani na wa kwanza kwake. Ameacha watoto, Djo na Benita, mkwe wake David, wajukuu, Bijou na Plamedie, mwanafunzi wake Chomba, anayebaki na duka, pacha wake, na watoto wengi wa watu wengine ambao leo wana mabega mazima. Kitenge kitakatwa Jumatatu. Chomba ndiye atakayekikata, kwa namba zilizoandikwa siku ile, bila kuongeza hata nusu kidole, na Benita atalivaa gauni hilo siku ya kumaliza kilio.

Mungu akupokee, Mbuyi, ulale kwa amani. Mtoto wako amekubali kupimwa.