Upande wa Mlango Sikuupiga Ribiti

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana, aliyenivumilia kuliko nilivyostahili. Wengi wenu mmeshanisikia nikishuhudia jinsi alivyomwokoa mke wangu barabarani. Nimesimama kuurekebisha ushuhuda huo, maana niliwapa nusu yake.

Miaka michache baada ya uhuru nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Keumbu. Nilinunua gari kuukuu kwa mkulima mzungu wa Sotik aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa gari la kwanza katika ukoo wetu, na kila nilipoliosha nililiosha kando ya barabara, watu waone. Lakini sakafu yake, pale anapoweka miguu abiria wa mbele, ilikuwa imeliwa na kutu. Maji ya mvua yalikuwa yamelala chini ya mkeka wa mpira kwa miaka mingi. Ukiunyanyua mkeka, uliona barabara.

Pale sokoni palikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma. Aliichungulia sakafu akasema, "Mwalimu, liache hapa. Jumatatu nitakuchomea bati nene."

Nikamjibu kwamba hata mimi nina mikono.

"Haya, lishone mwenyewe," akacheka. "Lakini gari si suruali."

Ilikuwa juma la makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, kule Nyamache, na nilitaka kanisa zima linione nikimshusha mke wangu, Mama Moraa, mbele ya hema. Siwezi kungoja Jumatatu, nikasema. Ijumaa mchana nikaanza. Nilikata kutu kwa tindo mpaka nikafikia chuma kinachong'aa. Nikalipima tundu kwa gazeti, nikakata bati la paa kwa kufuata karatasi ile, nikakunja kingo zake. Nikatoboa kwa keekee ya mkono na kuanza kupiga ribiti, vile vipini vya chuma vinavyobana mabati mawili yakawa moja. Nikamaliza upande wa mbele, wa nyuma, na wa katikati ya gari. Ulibaki upande wa mlango, na huko chuma kilikuwa kimeoza zaidi. Hakingeshika ribiti bila kuungwa kwanza.

Nikatazama kilimani. Jua lilikuwa linakaribia kutua, Sabato inaingia. Nikapaka lami juu ya mwanya ule haraka haraka, nikarudisha mkeka, nikaweka nyundo chini.

Mke wangu akatoka jikoni. "Baba Moraa, umemaliza?"

"Nimemaliza."

Ndugu zangu, niliogopa kugonga nyundo siku ya Sabato. Kuianza Sabato kwa uongo sikuogopa.

Asubuhi tulifika salama. Jirani yangu alikuwa ameniona nikiacha kazi, akamweleza mzee wa kanisa, naye mzee akasimama kunisifu. "Mwalimu huyu ana gari," alisema, "lakini jua lilipotua aliweka nyundo chini papo hapo." Watu wakaitika amina. Nami nikaipokea sifa ile kama mshahara.

Jioni tukirudi, kwenye mteremko, gurudumu la mbele liliingia shimoni. Bati likafunguka upande wa mlango. Mguu wa kushoto wa mke wangu ulishuka nalo hadi chini. Nilisikia bati likikwaruza changarawe, kisha nikamsikia yeye. Gari liliposimama tulikuwa tumekwenda hatua nyingi.

Alilazwa majuma saba. Mguu ulirudi nyumbani bila vidole. Mwanamke aliyekuwa akichuma chai hadi mstari wa mwisho wa shamba, kisha akapanda na kikapu kimejaa, hakuweza tena kusimama kwenye mteremko wa shamba lake mwenyewe.

Kanisa likasema Shetani amekasirika kwa sababu nimeitunza Sabato. Nami nikakubali. Wakanifanya mzee wa kanisa, na kwa miaka sita nilizunguka, kutoka Marani mpaka Nyamira, nikishuhudia jinsi Bwana alivyouokoa uhai wake. Watu walilia. Nilishajua hata mahali pa kunyamaza kidogo ili walie.

Mwaka jana, Ijumaa moja, nilikuwa napiga viatu rangi, nikijiandaa kushuhudia tena kesho yake. Mke wangu alikuwa ameketi akiufunga mguu wake kitambaa, kama anavyofanya kila siku.

"Baba Moraa," akaniambia, "kesho usinitaje. Umeusimulia mguu huu mpaka umekuwa wako."

Nikaiweka brashi kando. Nikaketi chini mbele yake, nikamwambia yote: chuma kilichooza, lami, mkeka.

"Najua," akasema. "Nilikuwa jikoni. Nilikusikia ukigonga pande tatu."

"Sasa kwa nini uliingia garini?"

"Nilikuuliza. Ukasema umemaliza. Mke afanye nini tena?" Akakaza fundo la kitambaa. "Hata hospitalini nilikungoja uniambie. Ulikuwa ukija na wachungaji."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na hakuninyamazisha. Aliponyanyuka alisema neno moja tu: "Kesho kawaambie hivyo."

Nikawaambia, kule kanisani kwetu. Hakuna aliyeitika amina. Nilivuliwa uzee wa kanisa, na ilikuwa haki. Hata hivyo usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeuona kwa miaka sita. Huko ndiko kuokolewa kwangu, ndugu zangu, na msikuongezee kitu. Mguu haukupona. Chai ya mke wangu inachumwa na vibarua.

Namshukuru Mungu aliyenifungua kinywa kabla sijafa nikisifiwa. Nawe uliyeficha jambo chini ya mkeka, mtegemee yeye, uende ukaliseme kwa mtu uliyemuumiza, hata kama hatakupa mkono. Mama Moraa ameketi pale, benchi ya pili. Hajasema kwamba amenisamehe, nami sitamwomba aseme mbele yenu. Ila asubuhi ya leo aliniuliza kama nitakuja kuyasema yote. Nilimwambia nitayasema, naye akachukua fimbo yake, tukaja pamoja kwa miguu, polepole, kwa mwendo wake.