Mia Nne na Kumi na Mbili, Yote Kijani

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali. Liko kwenye kona, ukutani kwa ofisi yetu, katikati ya kiti cha Kinyozi na jiko la Shangazi. Ukikalia upande wa tofali usicheke sana, maana mtaanguka wote. Ndiyo sababu upande ule tunawaachia wageni. Saa nne asubuhi tunakuwa kamili. Kuna Kinyozi, anayenyoa watu hapohapo nje, kioo chake kimening'inia kwenye msumari. Kuna Bawabu, mlinzi wa jengo letu, mtu wa methali, ingawa zake nyingi hutua kwa jirani. Kuna Shangazi mwenye birika, ambaye si shangazi wa yeyote lakini anatugombeza sote. Na mimi, wananiita Injinia kwa sababu nashinda na kompyuta hapo ghorofa ya kwanza. Leo nilishuka nimeikumbatia kompyuta yangu kifuani, nikaketi bila kumsalimia mtu.

Shangazi: Kulikoni? Salamu nazo zimeadimika?

Mimi: Shikamoo, Shangazi. Nipe kahawa, usitie sukari.

Kinyozi: Huyo ana jambo.

Mimi: Sina jambo.

Bawabu: Analo. Ni yule dada wa dirishani. Bi Nyekundu.

Wivu una aibu yake, lakini wacha niseme. Miaka sita iliyopita niliketi peke yangu nikaandika Nguzo. Nguzo ni kiunzi, yaani mifupa. Wenzangu wakitaka kutengeneza tovuti, iwe ya zahanati ili watu wapange siku ya kumwona daktari, iwe ya shule ili wazazi waone matokeo, hawaanzi na hewa. Wanachukua mifupa yangu, wanaivika nyama. Usione vyaelea, vimeundwa, na muundaji ni mimi. Kwa miaka sita mwenye swali alikuja mezani kwangu, akasimama, akasubiri nimalize kuandika ndipo aniulize, na mimi sikuwa na haraka ya kumaliza.

Miezi mitatu iliyopita akaja huyu dada. Akapewa meza ya dirishani, ambayo mimi nimeiomba tangu tuhamie jengo hili. Kazi yake ni moja tu: kuiandikia Nguzo majaribio. Jaribio ni kiprogramu kidogo kinachoiuliza Nguzo swali ambalo jibu lake linajulikana. Nguzo ikijibu sawa, skrini inatoa alama ya kijani. Ikikosea, nyekundu. Mashine inayauliza yote yenyewe kila mtu anapobadilisha kitu, hakuna anayekaa kukagua kwa macho. Basi, siku hizi wenye maswali wote wanaelekea dirishani. Juzi meneja mwenyewe alisimama pale akacheka. Kwangu, miaka sita, hajatoa hata tabasamu.

Na leo saa tisa alasiri meneja anamtaja mlezi wa Nguzo, mtu ambaye bila ruhusa yake hakuna mstari utakaoingia wala kutoka. Ni mimi au ni yeye.

Kinyozi: Huyo dada katumwa.

Mimi: Na nani?

Kinyozi: Nisikilize. Yule wa ng'ambo ya barabara, kabla hajafungua saluni yake ya vioo, alimleta mtu kunyolewa kwangu. Mtu mwenyewe kakaa kitini, macho kwenye mikono yangu, anauliza: mashine unaipaka mafuta gani? Wembe unabadilisha lini? Maswali tu! Mwezi haukuisha, saluni hiyo hapo. Sasa wewe si umesema kazi ya huyo dada ni kuuliza maswali?

Shangazi: Kwa hiyo katumwa na kinyozi wa ng'ambo?

Kinyozi: Sisemi hivyo. Sikatai pia.

Shangazi: Kinyozi wa ng'ambo ana haja gani na kiunzi cha tovuti?

Kinyozi: Hapo ndipo ujue mambo ni makubwa. Chema chajiuza, bwana, kibaya chajitembeza.

Alisema hivyo, akainuka kumwita mpita njia aje anyolewe. Mpita njia akavuka barabara.

Bawabu: Mimi naona kingine. Walipoleta ule mlango unaofunguliwa kwa kidole, waliniambia, "Bawabu, usihofu, tunaujaribu tu." Wanaujaribu! Daftari langu la wageni liko wapi leo? Limewekwa chini ya mlango wa stoo usibamizwe na upepo. Jaribio likiingia, mtu anatoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi: Maana yake si hiyo.

Bawabu: Umewahi kuniona napona mimi?

Kinyozi: Ni ile meza. Dirisha lile lina kitu. Wa kwanza kukaa pale aliolewa kabla ya mwaka. Wa pili akapandishwa cheo.

Bawabu: Na wa tatu?

Kinyozi: Wa tatu alinenepa.

Bawabu: Eh! Basi lina kitu kweli.

Ningewacheka, lakini jana mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilikwenda nikakaa kwenye kile kiti dakika tano nzima. Nilichogundua ni kwamba kiti chake hakipigi kelele ukiegemea. Changu kinalia toka mwaka juzi na nimekwishaandika barua tatu.

Shangazi: Wivu huo.

Mimi: Si wivu, Shangazi. Ni haki.

Shangazi: Mtu anayeonea wivu mke, namwelewa. Wewe unaionea wivu meza.

Mimi: Haya. Meza, na kiti, na kicheko cha meneja. Nina wivu, unanichoma hapa, nalala nao na kuamka nao. Umeridhika?

Shangazi: Kunywa kahawa yako.

Kinyozi: Aone wivu wa nini, na leo anashinda? Hebu waambie, una ngapi?

Nikaipapasa kompyuta. Hapo ndipo nilipokuwa nimepasubiri.

Mimi: Yeye, miezi mitatu, ameandika majaribio thelathini na saba. Mimi nimekaa wikendi mbili tu. Mia nne na kumi na mbili.

Bawabu: Loo!

Mimi: Na jina la Bi Nyekundu mnafikiri nilimpa bure? Kila nikipita nyuma yake, skrini nyekundu. Anaandika jaribio, jekundu. Anahangaika nalo wee, mpaka ligeuke kijani. Anaanza jingine, jekundu tena! Kuna moja alikaa nalo siku nne, nikawa nampitia makusudi na kikombe changu, "Vipi dada, bado tu?" Mimi yangu yote kijani tangu siku nilipoyaandika. Hakuna hata moja lililowahi kuwa jekundu.

Bawabu: Thelathini na saba kwa mia nne! Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kinyozi: Mambo ya chawa niachieni mimi, ndiyo fani yangu.

Tukacheka, benchi likayumba. Kabla halijatulia, sauti ikasema nyuma yetu:

— Hamjambo? Kuna nafasi?

Alikuwa yeye. Miezi mitatu sikuwahi kumkaribisha kijiweni, na hakuwahi kushuka. Hakuna aliyesogea. Akaketi palipokuwa wazi, upande wa tofali.

Dada: Shikamoo, Shangazi. Naomba kikombe kimoja.

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Na wewe ndiye nani?

Dada: Nadhani ndimi Bi Nyekundu.

Mkono wa Bawabu ukabaki na kikombe hewani.

Dada: Dirisha huwa wazi, Shangazi. Nawasikia kila siku saa nne.

Sote tukainua vichwa. Dirisha lile, nililokuwa nikililia, liko juu ya benchi letu kabisa. Pazia lake linapunga. Miezi mitatu! Kinyozi akachukua ufagio akaanza kufagia nywele zilizokwisha kufagiwa. Mimi nilitamani lile tofali liteleze.

Dada: Sikuja kugombana. Kaka, nina swali moja tu, nililitaka kukuuliza kule juu ila kule huwa unavaa vile vya masikioni ukiniona. Hayo majaribio yako mia nne na kumi na mbili, hujawahi kuliona hata moja likiwa jekundu?

Mimi: Hata moja!

Dada: Sasa umejuaje kama yanaweza?

Nikaikumbatia kompyuta.

Kinyozi: Swali gani hilo? Mtu mzima wa afya utamuuliza kama anaweza kuugua?

Bawabu: Mficha uchi hazai.

Shangazi: Nyamazeni nyie. Mwacheni ajibu mwenyewe aliyeulizwa.

Nikamjibu kwa kompyuta. Nikaifungua mapajani. Nikamwambia achague mstari wowote wa Nguzo, tuuharibu, aone moto. Akasema, "Chagua wewe, kaka. Nguzo ni yako." Nikachagua mstari ninaoujua kuliko yote, ule unaomdai mtu neno lake la siri kabla ya kumfungulia faili. Huo ndio mlango wa nyumba. Bila huo, mtu yeyote anaandika jina la jirani yake, anasoma anaumwa nini na anatibiwa nini. Niliuandika mwaka wa kwanza, na zahanati zote zinazotumia tovuti zetu zinalala usingizi kwa sababu ya mstari huo. Nikaufuta hapo kwenye kompyuta yangu, nikaruhusu majaribio yaende.

Namba zikaanza kukimbia. Hamsini, kijani. Mia, kijani. Mia mbili, kijani. Sijawahi kuiomba rangi nyekundu maishani mwangu kama nilivyoiomba pale kwenye benchi. Mia tatu. Mia nne. Mia nne na kumi na mbili.

Yote kijani.

Kinyozi: Yote! Mungu mkubwa! Injinia, umemmaliza!

Akapiga makofi, Bawabu akapiga meza isiyokuwepo, akajipiga gotini. Walishangilia mpaka mteja wa Shangazi akageuka kutazama. Kwenye benchi lile tulikuwa wawili tu tuliojua nyumba iko wazi na mia nne na kumi na mbili wamepita mlangoni wakasema kila kitu salama.

Nilijua kosa langu hata kabla ya kulitafuta. Kwa pupa ya kumpita, sikuyaandika majibu sahihi mwenyewe. Kila jaribio niliiuliza Nguzo swali, kisha jibu sahihi nikalichukua kwa Nguzo hiyohiyo, nikalinganisha. Ni kumuuliza mwizi kama ameiba, na shahidi ukamwita yeye. Mara mia nne na kumi na mbili.

Mimi: Niyaendeshe yako?

Dada: Yaendeshe.

Thelathini na saba hayachukui muda. La tisa likasimama, jekundu, na chini yake maneno aliyoyaandika mwenyewe: Mtu asiye na neno la siri amesoma faili la mgonjwa.

Mimi: Hili la tisa... ndilo la zile siku nne?

Dada: Ndilo. Kila jaribio naiharibu Nguzo kwanza, nilione likiwa jekundu. Hili, kila nikiuondoa mstari wako, lilikuwa linakaa kijani. Sikulikubali mpaka likalia.

Wivu ulinipanda upya, na huu haukuwa wa meza. Swali hilo ningepaswa kuliuliza mimi, miaka sita iliyopita, kwa kitu nilichokizaa mwenyewe. Badala yake nilikuwa napita na kikombe.

Bawabu: Pole, dada. Lako moja limelia. Lakini ndiyo hivyo, mchelea mwana kulia hulia yeye. Wa Injinia, wote mia nne, hata mmoja hajalia!

Hakujua alichokisema. Dada aliinamisha uso kwenye kikombe, asinitazame, na nikamshukuru kwa hilo.

Shangazi akainua birika, akalitikisa, likatoa sauti ya utupu. Ndipo pazia la juu likasogea, na kichwa cha meneja kikatoka dirishani.

— Injinia! Nimesikia makofi. Vipi, yote kijani?

Kinyozi akavuta pumzi ya kujibu kwa niaba yangu. Shangazi akamkanyaga mguu. Wote wakanitazama, na nikajua nikisema neno moja tu, "Yote," nitakuwa sijasema uongo, na saa tisa Nguzo itakuwa yangu.

Mimi: Yote, bosi. Ndiyo balaa lenyewe. Nakuja kukueleza.

Kinyozi: Sasa wewe, si umeshinda? Mbona unajikaanga mwenyewe?

Niliurudisha ule mstari mahali pake, nikafunga kompyuta, nikampa dada mkono ainuke taratibu upande ule wa tofali. Nikamwomba tupande wote, maana kulieleza lile la tisa nilikuwa siwezi bila yeye, na mpaka tunafika juu ya ngazi lilikuwa bado linaniuma.