Mwizi Asiyeacha Nyayo

Benchi letu la Kerende liko nyuma ya karasha la kusagia mawe, na tangu dhahabu ilete watu wa kila kabila, kila asiye na zamu ya kushuka duarani huja hapa kunywa kahawa ya Abdallah na kueleza asichokijua. Mimi ni mmoja wao. Siku hiyo habari ilikuwa moja tu: kompyuta ya chama chetu cha wachimbaji imefungwa na watu wasiojulikana. Humo ndimo lilimo daftari la maduara, nani ana hisa katika shimo gani, na kesho yake asubuhi kulikuwa na kikao cha kugawana upya. Asiyeonekana kwenye daftari, hana chake. Mokami, mjane wa Simioni, alikaa pembeni juu ya kiroba cha mawe, hanywi kitu. Mumewe alichimba duara namba saba miaka minne, vumbi likamla kifua akafa, na jina lake halikuandikwa mahali pengine popote. Nakiri niliona vibaya kumtazama.

Aliyeanza ni Mzee Wangwe. Tunamwita Nyayo, maana ujanani alifuata nyayo za ng'ombe walioibwa mpaka mpakani bila kupotea.

— Walivunja mlango?

— Hapana, mzee, alijibu Nashoni, katibu wa chama. Kufuli lipo, kompyuta ipo. Nilifungua barua moja tu kwenye mtandao, imeandikwa "Leseni yenu". Kioo kikawa chekundu. Wakaandika: mafaili yenu tumeyafunga, lipeni tuwape ufunguo.

— Yaani wamekuibia, na mali wamekuachia nyumbani kwako?

— Ndiyo.

Nyayo akavua kofia.

— Mura, kijana wangu! Wezi nimewafuata tangu kijana. Mwizi wa kukufungia ng'ombe ndani ya zizi lako mwenyewe, halafu akuuzie mlango, huyo sijapata kumwona.

Nasi wenye kofia tukavua. Haikuwa hasira, ilikuwa heshima kabisa.

— Na nyayo zake zinaishia wapi? Kwetu, kijiji zinakoishia nyayo ndicho kinacholipa.

— Zimo kwenye waya, alisema Heche. Huyu tunamwita Profesa, kwa kuwa aliwahi kuwa mlinzi wa geti la chuo Musoma. Waya unaenda Sirari, unakata Kenya yote, unazama baharini.

— Unazama?

— Mzima mzima! Samaki wanaupita hivi wakiutazama.

— Basi walipe samaki, alisema Abdallah huku akimimina.

— Cheka tu. Hao jamaa wana kompyuta kubwa kama hicho kilima. Haili, hailali. Inajua majina yetu mpaka ya utani. Hata sasa inatusikia kupitia simu yako.

Abdallah akaitoa simu mfukoni, akaifukia chini ya kashata. Nami yangu nikaizima, sioni aibu kusema.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Profesa, hapo ngamani imeingiaje? aliuliza Abdallah.

— Imeingia kwa mtandao.

Mtu akishafika chini ya bahari utambishia nini?

Ndipo Mokami akasema, kwa sauti ndogo:

— Katibu, jina la Simioni bado lipo?

— Usihofu, mama. Nashoni akajiweka sawa. Mimi nimezaliwa kwenye ng'ombe. Nani hapa anaweka ng'ombe wake wote zizi moja? Wezi wakija si wanabeba wote? Unawagawa, wengine kwa rafiki, wengine kwa mjomba. Basi kila mwisho wa mwezi nanakili daftari lote kwenye flashi, naichomoa, naipeleka kwa mjomba wangu, kijiji cha Nyanungu. Anaifungia sandukuni. Huko haina waya. Mwizi wa kwenye waya ataifikiaje? Bodaboda imeshakwenda kuichukua.

Benchi zima likainuka. Nyayo alimshika Nashoni mkono kwa mikono yake miwili. Profesa akadai wazo lile alilitoa yeye, mwaka juzi. Mokami akapokea kikombe kwa mara ya kwanza, akajifuta macho kwa kanga. Na mimi nilimwonea Nashoni fahari, kweli.

Tukiwa katika shangwe hiyo akashuka kwenye pikipiki dada mmoja mwenye mkoba, Yasmini, fundi wa kompyuta aliyeitwa na chama kutoka Mugumu.

— Shikamoo mzee. Habari zenu.

Tukamsimulia wote kwa pamoja. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Umeichomoa na kuiweka mbali. Hongera, katibu, wengi hawafanyi hivyo. Naomba kuuliza kitu kimoja. Hiyo flashi, mliwahi kuifungua kwenye kompyuta nyingine mkaona majina yamo?

Profesa akageuka kutazama karasha.

— Kila mara iliandika "tayari", alisema Nashoni.

— Iliandika. Na wewe uliona majina?

Mokami akakiweka kikombe chini, kahawa haijafika nusu.

— Nashoni, mwanangu, alisema Mokami. Ng'ombe uliowaweka kwa mjomba, huendi kuwatazama?

Mlio wa bodaboda ukasikika ukija upande wa Nyanungu. Mokami akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda kusimama katikati ya barabara.