Mbuzi wa Akai Niliowapasua Masikio

Bwana asifiwe! Ejok nyote! Leo nitasema polepole, maana nikikimbia nitaficha kitu, na kuficha mimi ninakujua sana.

Ndugu zangu, mnanifahamu. Mimi ni Ewoi, boma langu liko hapa nyuma ya Nawoitorong, upande wa mto. Ni mtu wa mbuzi na kondoo, na mdomo wangu mnaujua pia. Nikiona mtu amefunga zizi vibaya, nitamsema mbele ya watoto wake. Hebu oneni mtu wa kuwarekebisha wengine!

Dada yangu Akai alifiwa na mume. Akaenda Kalobeyei kutafuta vibarua, na mbuzi wake akaniachia mimi. Hatukuandikiana chochote. Ni ndugu, tuandikiane nini? Alisema tu kwamba akipata nguvu atawachukua, watoto wapate maziwa.

Kisha mvua ikakataa. Nilizunguka na mti mrefu nikiangusha maganda ya mgunga, mke wangu akiokota, na bado mifugo ilikonda. Wakaanza kufa. Na waliokufa ni wangu! Kondoo wote, halafu mbuzi. Wa Akai walikuwa wamesimama, wanatafuna. Nilimkasirikia Mungu, nawaambia ukweli. Nikasema, ninayehangaika ni mimi, mbona wanaoishi ni wake?

Nyinyi wafugaji mnajua kawaida yetu. Mnyama wa mtu akifia kwako, unamwekea mwenyewe ngozi pamoja na masikio, aone alama yake. Alama yangu ni mpasuo kwenye ncha ya sikio. Ya marehemu shemeji ni ncha kukatwa kabisa. Basi nikachukua kisu. Wangu waliokufa nikawakata ncha, wakawa wa Akai. Wa Akai waliokuwa hai nikawapasua masikio, wakawa wangu. Masikio yalikuwa mafupi kidogo, lakini nani atapima? Walipiga kelele, damu ikanidondokea miguuni, nami nikaendelea.

Akai akaja. Nikamtandazia ngozi. Akashika sikio moja, akapitisha kidole pale nilipokata. Kisha akaniambia, "Pole, ndugu yangu, umepata shida." Na mimi nikaitikia! Nilipokea pole ya mtu niliyemwibia! Akarudi Kalobeyei kufulia watu nguo, na watoto wake wakakua kwa chai isiyo na maziwa.

Mvua ilirudi, mbuzi wale wakazaa mapacha. Lakini dada yangu akinipigia simu, sishiki. Nikaanza kumsema kwa majirani kwamba ni mvivu, amezoea maisha ya kule. Ndugu zangu, ukimwibia mtu usitubu, mwishowe utamchukia ili upate usingizi! Na usingizi wenyewe hauji.

Mwaka jana nilileta mbuzi wa shukrani hapa kanisani. Mkaimba. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, akamshukuru Mungu kwa uaminifu wangu. Uaminifu! Nikaanguka chini. Mlisema ni Roho, mkapiga makofi. Kweli alikuwa Roho, ila alikuwa ananikemea. Mbuzi mliyemla siku ile alikuwa wa Akai. Nisameheni, na nyinyi niliwalisha wizi.

Kesho yake nikapakia mbuzi wote wa uzao ule kwenye pikapu, nikaenda Kalobeyei. Nikapiga magoti mbele ya majirani zake, nikasema yote. Akai akanitazama. "Ewoi," akasema, "nilijua siku ile ile. Mnyama akikatwa sikio akiwa hai, hubaki kovu. Masikio ya ngozi zile hayakuwa na kovu."

Lo! Mimi fundi wa mbuzi, nikasahau kovu! Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Ningesema, ningepoteza mbuzi na ndugu siku moja."

Hapo nililia kama mtoto, na hapo Bwana alinifungua. Uongo ulikuwa umenikaba miaka, ukaniachia. Simu sasa nashika. Usingizi ninao. Jina lake litukuzwe!

Lakini sitawadanganya tena. Mbuzi niliwarudisha, ile miaka sikuweza. Mtoto wake wa mwisho hajui kukamua, anamwogopa mbuzi. Mtoto wa Kiturkana, jamani! Kosa hilo ni langu, linaniuma mpaka leo. Na Akai amenisamehe, amesema kwa kinywa chake. Ila zamani nikifika kwake nilijipakulia chakula mwenyewe, nikamgombeza kwamba chumvi ni kidogo, akanicheka. Siku hizi ananiletea kiti, anakifuta vumbi, ananiambia, "Karibu, keti." Kama mgeni.

Wewe unayenisikia, kama zizini kwako kuna mnyama wa mtu, Yesu anasamehe, mimi ni shahidi. Mwamini, kisha umpeleke mnyama kwa mwenyewe leo. Usingoje mpaka dada yako akuletee kiti.