Nyumba Iliyopigiwa Kura Ihumwa

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mudrick, mtayarishaji wa kipindi cha Paa Jipya, pamoja na vijana wako wa kamera. Ndugu wawakilishi wa kampuni zilizotoa mabati, rangi na vigae. Mchungaji Methusela na Ustadhi Abdulrahim. Wazee wangu, shikamooni. Majirani zangu, mbukwenyi! Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi watazamaji mnaotuona mubashara mkiwa majumbani mwenu, simu mkononi kama kawaida yenu: nawasalimu nyote.

Mimi naitwa Nasra Yahaya, mwenyekiti wa mtaa huu. Nimeambiwa niseme kwa kifupi, na wanaonijua wameshaanza kucheka. Mnivumilie. Upepo huu wa Ihumwa unataka kuondoka na turubai, jenereta linapiga kelele kuliko mimi, na mkisikia nyundo huko nyuma msishtuke wala msigeuke. Tangu Dodoma iwe makao makuu nyundo hazilali mtaani kwetu. Vijana wa kamera, niangalieni mimi. Kitenge hiki ni kipya, nacho kinataka kuonekana.

Mudrick, mwanangu, nakuona unanizungushia kidole. Nimekielewa. Unataka nimalize haraka tufungue mlango. Tutafungua. Lakini viti vya familia pale mbele ni vitatu na kimoja kiko wazi, na kila mtu hapa anakiangalia hicho kilicho wazi, hata Mheshimiwa Diwani. Bibi anakuja. Bibi ana mwendo wake.

Kwa wale waliochelewa kukifuata kipindi, niseme tumefikaje hapa. Mvua za mwaka jana ziliangusha nyumba ya Lameck, fundi baiskeli wetu, na mke wake Paulina, anayetuuzia mlenda. Nyuma ya nyumba yao, ng'ambo ya ua wa manyara, palikuwa na kijumba cha tembe cha Bibi Anyesi, mama yake Paulina, mjane. Hicho hakikuanguka. Ndipo Paa Jipya walipofika na magari yao, wakasema watajenga upya, na nchi nzima itatoa maoni. Tulipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Na kwa hilo, Ndugu Mudrick, tunakushukuru kwa dhati, kwa sababu kulala chini ya turubai na watu wako si jambo la kusimulia.

Ikaletwa ramani mbili. Ya kwanza ilikuwa na nyumba mbili ndogo, moja mbele na moja ya Bibi nyuma, kila moja na choo chake. Ya pili ilikuwa nyumba moja kubwa, sebule ya kuchezea mpira, korido ndefu, choo na bafu katikati, chumba cha Bibi kinatazamana na cha mkwe wake. Watazamaji wakaambiwa wachague.

Lo! Maoni yalimiminika. Mmoja aliandika kwamba Bibi asitengwe uani kama mbuzi. Mwingine akasema familia inayokula pamoja ilale paa moja. Dada mmoja wa Mtwara, Mungu ambariki, alitaka nyumba kubwa na akatuma mapazia kabisa, na mapazia yenyewe ni mazuri. Nasema hivi ili mjue kwamba siwatukani. Wengi wenu mliandika kwa huruma, na mlipokuwa mnaandika mlikuwa mnamwona bibi yenu wenyewe.

Lakini je, wenyeji tulikuwa wapi? Maana haya si mambo ya kufundishwa. Mgogo hajengi chumba cha mama mkwe mlangoni pake. Mkwe na mama mkwe wanapendana kwa mbali, wanasalimiana mtu ameinamisha macho, wala hawapokezani kopo la choo kimoja. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, nimeolewa hapa, na hata mimi najua. Basi wenyeji walipigia kura ipi? Ndugu Eliakimu, Mgogo wa Makole hapa hapa mjini, simama wakuone. Usijifiche nyuma ya mwavuli, baba. Huyu aliandika, na yakasomwa hewani, kwamba mambo ya kijumba cha uani yamepitwa na wakati kwa sababu Dodoma ni jiji sasa. Nilipokutana naye nikamuuliza mama mkwe wake akija kutoka Mvumi analala wapi. Akaangalia viatu vyake. Akanijibu, "Kwa jirani."

Kaa, Eliakimu, asante. Hukuwa peke yako. Nusu ya mtaa huu ilipigia kura korido, kila mmoja akiogopa wa Dar es Salaam wasituone washamba. Ndiyo maana wahenga wakasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nyumba ikajengwa, tembe la Bibi likabomolewa kwa trekta huku wimbo unapigwa, na ua wa manyara ukang'olewa ili picha ipendeze.

Mtauliza, kwani Bibi mwenyewe hakusema? Alifuatwa na kamera akaulizwa, "Bibi, umefurahi?" Sasa mgeni amekujia na taa zake na tabasamu lake, anakuuliza kama umefurahi, wewe utamjibu nini? Akasema amefurahi. Mkamwonyesha nchi nzima akisema amefurahi. Hakuna aliyemuuliza atalala wapi.

Ngoja, treni inapita. Ipite. Ndiyo, na ile nyundo bado ipo, mnaisikia? Msigeuke, nimesema ni ujenzi tu.

Basi nyumba ikakamilika, familia ikaruhusiwa kulala humo kabla ya makabidhiano, na tangu siku ile Bibi Anyesi analala kwangu, amemwachia mkwe wake nafasi. Lameck naye amemwachia mama mkwe nafasi, analala kibandani kwake, katikati ya matairi. Alinifuata mwenyewe, ni kijana mwenye haya huyu, akaniambia, "Mwenyekiti, nikikutana na mama kwenye korido nimejifunga taulo, mimi nitahama mkoa." Nilicheka, halafu nikaona machozi yanamlengalenga, nikaacha. Na Paulina? Paulina ndiye analala peke yake katika sebule ya kuchezea mpira, amewasha taa vyumba vyote, mume huku, mama kule. Nyumba iliyojengwa ili watu walale pamoja imewatawanya kuliko mvua.

Habari zikatoka, kama zinavyotoka. Hapo maoni yakageuka. Bibi hana shukrani. Bibi anaringa. Mmoja akaandika kwamba huyo bibi ni mchawi, vigae vinamwogopesha. Wapewe wengine! Na Paulina akawa anayasoma yote, mstari kwa mstari, huku anachambua mlenda. Hapo, ndugu zangu, nilikasirika, na sitaki kuwadanganya mbele ya Mchungaji na Ustadhi: bado nimekasirika. Mtu hujawahi kunywa maji yake, hujui jina la marehemu mumewe, unampa uchawi ukiwa umelala kwenye kochi?

Nilimsomea Bibi baadhi ya maneno hayo, kwa sababu aliniomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akatengeneza mgolole wake, akasema, "Nyumba nimeipenda. Ila siwezi kumvua mkwe wangu heshima kwa ajili ya vigae." Akaendelea kupepeta uwele. Mimi nilitoka nje nikazunguka nyumba yangu kama kuku anayetaka kutaga, maana sikujua la kufanya.

Kwa sababu sheria ya kipindi mnaijua. Mudrick ameirudia hata leo asubuhi. Siku ya makabidhiano, mubashara, familia yote iingie ndani ya nyumba. Akikosekana mmoja, nyumba inarudi kwa watazamaji, wapige kura tena, ipewe familia nyingine. Ndiyo kusema, bibi mmoja asipovuka kizingiti leo, Paulina anarudi chini ya turubai, na mama yake atajiona yeye ndiye aliyemtoa. Nilimwomba Mudrick atujengee ukuta koridoni, atufungulie hata upenyo wa Bibi kupita. Alinijibu kwa adabu kwamba kilichopigiwa kura hakibadilishwi. Simlaumu sana. Naye ana wakubwa zake.

Mheshimiwa Diwani, naona na wewe unaangalia saa. Ninamalizia. Nilitaka tu kumsifu fundi Kefa kabla sijashuka. Kefa ndiye aliyesimamia ujenzi wa nyumba hii, watazamaji mnamfahamu, yule mnayempenda kwa kofia yake. Siku trekta lilipobomoa tembe, Kefa aliuokoa mlango. Mlango wa mninga, marehemu mume wa Bibi aliuchonga mwenyewe. Kefa aliubeba kichwani mpaka kwangu, ukakaa nyuma ya kabati langu. Nikawa namuuliza, Kefa, mlango usio na nyumba wa nini? Ananiambia tutaona.

Na mnakumbuka mlipopiga kura chumba cha Bibi kiwe na dirisha kubwa la kutazama uani? Maoni mazuri kabisa yale, kuliko yote mliyotoa. Dirisha kubwa ni kazi nusu. Ukiliondoa, ukashusha matofali ya chini yake, ukaweka fremu...

Aa. Namwona Kefa pale konani, anajifuta mikono. Umemaliza, baba? Umemaliza. Alhamdulillahi.

Sasa geukeni. Vijana wa kamera, geukeni, nimewaruhusu, kitenge mmekiona vya kutosha. Zungukeni nyuma ya nyumba. Pale palipokuwa na dirisha mtakuta mlango wa mninga, na ule moshi mnaouona unapanda juu ya paa ni mafiga ya Bibi Anyesi. Choo cha zamani cha Bibi, kile mlichokificha kwa bango la rangi, kipo na kinafaa. Mlango wa chumba chake wa kutokea koridoni tumeupiga komeo kwa ndani. Bibi ameingia, mbele ya Mungu na mbele ya majirani waliomshika mkono, mlipokuwa mnanisikiliza. Mudrick, mwanangu, usishike kichwa. Sheria yako ilisema waingie ndani ya nyumba. Ameingia, na hatoki.

Paulina, futa machozi, mama. Lameck, inuka, mshike mkeo mkono, piteni mlango wa mbele, na ukifika ndani msalimie mama yako kupitia ukutani. Atakuitikia. Mheshimiwa Diwani, ukabidhi ufunguo mmoja tu. Ule mwingine, wa mlango wa mninga, Bibi anao siku zote, amefunga kwenye pindo la mgolole wake.

Nawashukuru majirani mliopiga nyundo na mliotunza siri, mtaa ambao hauna siri. Nawashukuru wafadhili kwa vigae. Nanyi watazamaji, najua vidole vinawawasha, andikeni. Niteteeni au nitukaneni, nitasoma mimi. Bibi hana nafasi, anapika.

Asanteni sana kwa kunisikiliza, na hasa, asanteni kwa kutogeuka.