Kidole Mguuni mwa Djafari

Kankindi alipanda pikapu ya kwenda Lilongwe akitaka kusinzia, lakini waliokaa mbele yake walikuwa na ugomvi, na ugomvi wa wenzako hauna adabu ya kukuacha ulale. Katikati yao alilala bondia Djafari, anayekwenda kupimwa uzito kwa pambano la jioni.

"Mama Djafari, we njo ulimuharibu," alisema kocha Manirakiza. "Nilisema ugali ya nsima na mboga tu, na mazoezi kila asubuhi. Sasa uzito imepanda."

"Nilitwanga usipa, nikachanganya ndani ya nsima," Salima alijibu. "Misuli inachoka, inaomba kitu ya kujijenga. Mboga peke yake itaijenga?"

"Basi samaki yako njo imemnonesha."

"Kunona?" Salima alibonyeza mguu wa mwanawe kwa kidole gumba, akaondoa mkono. Nyama haikurudi. Shimo lilibaki wazi kama kwenye udongo mbichi, chini yake likionekana jingine, na Djafari hakushtuka. Kankindi alijikuta ameukunja mguu wake mwenyewe.

"Hii iko mayi imejaa mguuni, haiko mafuta, kocha. Ilianza mbele sijampa usipa. Mwili ilikosa chakula, ikaanza kujikula. Na ile shimo ya chini haiko yangu. Iko kidole yako, ulipomkanda asubuhi."

Kocha aliangalia shimo la chini, akakificha kidole chake kwenye ngumi. "Utaniomba pardoni, useme nikusamehe, mbele ya bapimaji," alisema.

Gari lilisimama City Centre. Salima alimshika mwanawe mkono, akamwamsha.

"Mi siombi pardoni," alisema. "Kwako, wala kwa mizani."